Springi za Marehemu Mbayo

Mbayo alikufa mchana kweupe, juu ya pikipiki yake, kwenye kipande cha barabara kilichonyooka kuliko vyote mjini Kamina, ile ya kwenda kambi ya jeshi. Hapakuwa na lori, hapakuwa na shimo, hapakuwa hata na mbuzi wa kusingiziwa. Hilo ndilo lililomponza mjane wake. Mbayo angegongwa na lori, watu wangelia, wakazika, wakaenda zao. Lakini mtu mzima kuanguka peke yake kwenye njia nyoofu? Kwa ukoo wake, hapo palikuwa na mkono wa mtu, na mkono uliokuwa karibu ulikuwa wa Séphora.

Séphora hakuwa wa kwao. Baba yake alikuwa askari aliyeletwa kambini kutoka mkoa wa Équateur, kisha akahamishwa na kumwacha binti ameolewa na Mluba. Sombe, yaani kisamvu, yeye aliiita pondu, na alipochoka sana aliongea Lingala peke yake jikoni. Miaka yote ya ndoa hakuna aliyeona ubaya. Sasa kila chake kikawa ushahidi. "Kikulacho ki nguoni mwako," walinong'ona wale wale waliokula kwake Krismasi. Watu hawana haya.

Wazee wangekata shauri siku ya kuondoa matanga, baada ya misa. Wakimwona hana hatia, atabaki katika nyumba ya mumewe na binti yake Talitha. Wakimwona ana hatia, ataondoka mikono mitupu, na mtoto atabaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba.

Aliyejua kilichomuua Mbayo alikuwa mmoja tu: Nday, mdogo wake, fundi wa pikipiki karibu na stesheni. Pikipiki yenyewe ilikuwa lidude la safari ndefu, alilolinunua Mbayo kwa mzungu mmoja aliyeshindwa na mchanga wetu akapanda treni. Kwa mwendo wa pole haikuwa na neno. Ikikolea mwendo, usukani ulianza kutikisika, kushoto kulia, kushoto kulia, na ukiubana kwa nguvu ndipo unazidi wazimu.

Baada ya mazishi Nday aliinyoosha palipopinda, akaipeleka alfajiri kwenye barabara ile ile. Mtikisiko ukamjia mikononi. Aliachia mafuta taratibu, pikipiki ikamtupa majanini, akanusurika. Alikaa pale chini akalia, kwa uchungu na kwa furaha pia, maana sasa alijua. Alipofungua miguu ya mbele alikuta springi zimechoka, zimefupika, na oili iliyokuwa ndani imekuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Mbele hapakuwa na kitu cha kuizuia isicheze.

Fundi wa Kamina hana mashine ya kupimia. Ana sheria moja tu: badilisha kitu, na ugonjwa ukiondoka, basi kitu hicho ndicho kilichokuwa kibovu. Mteja anapanda, anazunguka, anarudi anacheka, kesi imekwisha. Nday hakuwahi kuona mtu akipinga ushahidi wa namna hiyo. Basi akaagiza Lubumbashi springi ngumu zaidi, oili nzito, na bearing mpya za shingo ya usukani. Treni ilichelewa kama kawaida yake, naye akaenda stesheni kila siku kama mtu anayemngoja mchumba.

Vilipofika, alifanya kazi kwa upole ambao hakuwahi kuipa pikipiki ya mteja yeyote. Séphora alikuwa akimletea chakula mchana. Siku moja alisimama akitazama springi mpya zikiingia.

"Semeki," alisema, maana hivyo ndivyo kwao wanavyomwita shemeji, "usinipatie espoir ya bure. Nikiishika na ikianguka, sitasimama tena."

"Si ya bure. Moto ikitembea muzuri na hizi resori mupya, batajua ni zile za zamani njo ziliua ndugu yangu. Chuma haisemake bongo."

Kamina pikipiki huitwa moto, springi resori, tumaini espoir, na uongo bongo. Séphora aligusa moja ya springi kwa kidole, kisha kwa mara ya kwanza tangu msiba akatabasamu. Nday alirudi kazini akiwa na nguvu za watu wawili.

Siku ikafika. Baada ya misa ukoo mzima ulisogea barabarani kumtazama Nday akiijaribu pikipiki, mbele yao Kisimba, kaka mkubwa wa marehemu baba wa Mbayo na Nday, aliyetoka kijijini upande wa Kabongo. Nisimsingizie: Kisimba hakuwa mtu mbaya. Alimlea Mbayo, na macho yake yalikuwa bado mekundu.

Nday akaondoka. Akaongeza mwendo, akafika pale ambapo usukani huanza wazimu, akapapita. Ukatulia. Akainua mkono mmoja hewani, nao ukatulia bado. Aliporudi wanawake walipiga vigelegele, hata wakasahau kwamba wako kwenye matanga. Kisimba aliweka kiganja juu ya tangi la mafuta, akalia. Nday alimtafuta Séphora kwa macho, akamwona amemshika Talitha mkono, anacheka na machozi.

Kisimba akajifuta uso.

"Tumeona na macho yetu," alisema. "Hii moto iko muzuri, haina kilema. Njo kusema, si moto iliua mutoto wetu."

Nday alidhani hakusikia vizuri.

"Hapana, Baba! Iko muzuri leo juu nimeitengeneza! Resori za zamani njo hizi, angalia, zimechoka!"

Kisimba akazipokea, akazigeuza geuza mkononi, akampa mzee mwenzake, naye akazigeuza vile vile. Kwao zilikuwa vyuma viwili.

"Mbayo alitembeaka na hizi miaka mingi," alisema Kisimba. "Hazikumuua mbele ya kuoa. Ni nani alizichokesha?"

Springi haichokeshwi na mtu, huchoka yenyewe kidogo kidogo, kama goti. Nday alianza kueleza hayo, sauti ikapanda, maneno yakagongana. Akaona nyuso zinafungwa mbele yake kama maduka. Hapo akaropoka.

"Nitazirudisha ndani! Leo hii! Mutaona namna inatetemeka!"

Kisimba alimtazama kwa huzuni ya kweli.

"Mwana wangu, kumbe weye unajua namna ya kufanya moto iue muntu?" Akageuza macho kwa Séphora. "Na huyu mwanamuke anakuletea chakula ku kazi kila siku. Tulionaka. Tulinyamaza."

Nday alifungua mdomo. Neno moja zaidi, na wangekuwa wauaji wawili. Nasema wazi: aliogopa. Alifunga mdomo, na kufunga kule ndiko kulikomhukumu Séphora kuliko maneno yote ya wazee. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Huyu walimnyonga na haki yake wakaondoka nayo.

Shauri lilikwisha kabla jua halijainama. Séphora aende kwao, popote kwao palipo sasa. Mtoto aende kijijini kwa bibi yake, leo leo. Lori la abiria lilikuwa limekwisha kuondoka, lakini Kisimba hakuona shida.

"Moto iko," alisema. "Weye njo utatupeleka."

Séphora hakupiga kelele. Alimvalisha Talitha sweta, akamfunga kilemba masikioni kwa ajili ya upepo, akamkalisha katikati ya wanaume wawili. Kisha akaja karibu na usukani. Nday alitamani Séphora amtemee mate usoni.

"Endesha polepole, semeki," alisema.

Wakatoka mjini. Kisimba alikuwa nyuma, amemzungushia mtoto mikono. Talitha hakuwahi kupanda kitu chenye mbio kama kile, akacheka, akapiga mgongo wa baba yake mdogo kwa viganja. Kisha akauliza kwa sauti kubwa, upepo usimzidi:

"Baba mudogo! Mama anakuja na moto gani?"

Mtoto akauliza tena. Nday akaongeza mwendo, akaongeza tena, mpaka kelele za upepo zikajaa masikio yake na hakusikia tena anachoulizwa.