Mbalamwezi na Usingizi wa Baba Yunisi

Mimi nina mdomo, sikatai. Hapa Katonga ninapoanika dagaa wanajua kwamba ukitaka kuambiwa ukweli kavukavu, mtafute Leonida. Lakini kwa hili ninalokusimulia, mdomo wangu ndio ulionichelewesha kuelewa.

Mume wangu Bonaventura ni mvuvi wa dagaa. Jioni anatoka na wenzake, wanawasha taa huko ziwani, dagaa wanafuata mwanga, wanavuliwa. Asubuhi anarudi, anaoga, anakula, anapanda kitandani, na mimi nashika njia kwenda mwaloni, pale boti zinaposhusha dagaa, kuanika. Kwa hiyo kitanda chetu tunapokezana, yeye mchana, mimi usiku. Tunalala pamoja siku za mbalamwezi tu, maana ziwa lote likiwa na mwanga dagaa hawaijali taa na boti hazitoki. Ni kama siku saba hivi kila mwezi. Watu wanadhani ndoa ya namna hiyo ni shida. Mimi naisubiri mbalamwezi mpaka leo kama mwali, na nina miaka arobaini na tisa.

Basi mwaka huu, baada ya Pasaka, siku hizo ziliingia mdudu. Usiku wa kwanza nilizinduka nikamkuta ameketi kitandani, jasho linamtoka, anahema, ananikodolea macho kama mtu aliyekimbizwa. Nikamuuliza kuna nini. "Nimeshtuka tu," akasema. "Lala." Usiku wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, mara mbili. Mbalamwezi ikaisha, akarudi ziwani, mchana akawa analala fofofo, nikasema yamekwisha. Mwezi uliofuata yakaanza upya.

Sasa nikwambie kilichonitia hofu. Baba yake Bonaventura alilala mzima akiwa na miaka hamsini na tatu, asubuhi wakamkuta ameshakufa. Hakuwahi kulalamika hata kichwa. Na Bonaventura alitimiza hamsini na tatu mwezi wa kwanza. Hatukulisema, ila kila mmoja alijua mwenzake analiwaza. Niliogopa nitaamka siku moja nimguse, nimkute wa baridi. Na mimi nikiogopa huwa nagomba.

Nikapiga marufuku kahawa. Ugali wa usiku nikaufuta, nikawa nampa uji. Wifi yangu Recho akaja na lake: kwa nini ashtuke mbalamwezi tu? Kuna kitu kimempata ziwani, mwezi ukijaa kinamfuata. Nilimcheka mbele yake, alipoondoka nikatundika mapazia mawili dirishani, moja juu ya jingine. Halafu jirani mmoja akaninong'oneza kwamba mwanamume akishtuka hivyo ujue dhamiri inamsuta, ana mtu kule mjini, mtaa wa Mwanga. Hilo nililipeleka mezani pamoja na uji.

Bonaventura alicheka mpaka akapaliwa. "Mama Yunisi, usiku niko ziwani, mchana niko kitandani. Huyo wa Mwanga namwona saa ngapi?"

"Basi ni moyo wako. Twende hospitali."

"Mimi siumwi."

"Baba yako naye alikuwa haumwi."

Akasukuma bakuli la uji. Nilijua nimemchoma, na sikujuta, kwa sababu kesho yake alivaa shati lake la kanisani tukaenda.

Daktari alikuwa binti mdogo, Elinipa, amehamishiwa kwetu kutoka Upareni. Alitupa shikamoo zetu, akampima Bonaventura presha, akamsikiliza moyo, akamtoboa kidole kupima sukari. Kila kitu kiko sawa. Akaanza maswali.

"Baba, mchana ukilala unashtuka?"

"Hapana."

"Na ziwani?"

"Ziwani tunasinzia tu. Taa zikishawaka tunangoja dagaa wakusanyike, basi mtu anajinyoosha kidogo. Ila jenereta ikizimika, hata niwe usingizini namna gani, naruka. Taa zikikatika dagaa wanatawanyika, na kazi ya usiku imeharibika."

"Kwa hiyo ule mngurumo haukuamshi."

"Mngurumo unanilaza. Kinachoniamsha ni kimya."

Daktari akaweka kalamu chini, akanigeukia mimi. "Mama, wewe unakoroma?"

Nilimtazama yule binti. Nimeleta mgonjwa, halafu naulizwa mambo ya kunifedhehesha. "Mimi? Sijawahi kukoroma tangu nizaliwe."

Bonaventura akaangalia dari.

"Baba Yunisi, si umwambie."

"Majirani hawajawahi kulalamika," akasema.

Nilitamani kumfinya. Daktari hakucheka. Aliniuliza kama naamka na kichwa kizito, na kama mchana nasinzia. Nikamjibu ndiyo, nasinzia palepale penye chanja za dagaa mpaka kunguru wanajihudumia, lakini huo ni utu uzima tu. Akasema huenda si utu uzima. Akaomba usiku ule tuwashe simu irekodi tukiwa tumelala, tukasikilize wenyewe kwanza.

Kazi hiyo aliifanya binti yetu Yunisi, ambaye ni mwalimu wa chekechea na bado anakaa nyumbani. Aliweka simu yake kwenye kigoda karibu na kitanda, akatuacha. Asubuhi, baada ya chai, tukaketi wote watatu mezani, akaifungulia.

Kwanza nilisikia mnyama. Nikauliza hicho ni nini. "Ni wewe, mama," akasema Yunisi. Mkoromo ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Halafu ukakatika. Nikangoja nisikie nikivuta pumzi, sikusikia. Yunisi alikuwa akiangalia sekunde kwenye kioo cha simu, zikapita kumi, zikapita ishirini, zikapita thelathini. Nilikuwa nimeshika kikombe na mimi mwenyewe nimebana pumzi.

Kitanda kikalia kwa nguvu. Kisha ikaja sauti ya Bonaventura, nzito kwa usingizi. "Leonida. Leonida, vuta. Vuta pumzi."

Na mimi nikavuta, kwa kishindo, kama mtu aliyeopolewa majini. Tangu Yunisi azaliwe mume wangu hajaniita Leonida. Sikujua kama hilo jina bado analo.

Kilichofuata kwenye simu ni sauti yangu, kali: "Umeanza tena? Mwenzio nimelala, unaniamsha!"

"Pole," akajibu. "Nimeshtuka tu."

Usiku mmoja, mara nne. Mara nne ananirudisha, mara nne namgombeza. Nililia pale pale mezani, bila aibu, mbele ya mtoto.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Sikujua. Nashtuka moyo unanienda mbio, nakutazama, nakuona upo, namshukuru Mungu. Nafikiri mkono unakutikisa kabla akili haijaamka." Akanisogezea leso. "Usilie. Bado upo."

Daktari aliposikiliza alisema koo langu linajifunga nikilala, na si jambo la kulichezea. Akaniagiza nilale ubavu, nipunguze mwili, akaniandikia rufaa kwenye hospitali kubwa yenye vipimo vya usingizi. Miadi ikatoka, ya wiki tatu mbele. Nikasema wiki tatu si nyingi, nimeishi hivi miezi mingapi.

Mbalamwezi ikaisha. Jioni ya kwanza ya giza Hamdani, mwenzake wa botini, akaja kumpitia kama kawaida. Bonaventura akamwambia mlangoni, "Nendeni tu. Mimi sitoki mpaka Mama Yunisi atibiwe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nahesabu zile siku saba alizoniamsha. Yeye alikuwa ameshahesabu zile nyingine, nilizolala peke yangu mwezi mzima na hapakuwa na wa kuniita.

Hata hivyo nikagomba. Nikamwambia wenzake watamsema, na nyumba inakula, na Yunisi anaweza kulala na mimi.

"Yunisi akilala hata bati liezuliwe hasikii."

Ni kweli, hasikii. Kulipoingia giza, taa za boti zikaanza kuonekana ziwani, moja baada ya nyingine. Alisimama dirishani akiziangalia, na mimi nilimwonea huruma mpaka nikatamani kumsukuma nje aende. Akayaachia mapazia yote mawili, akavua shati.

Kitandani niliogopa kufumba macho. "Na nisipovuta?"

"Nitakuita."

"Na ukipitiwa na usingizi?"

"Mimi nikipitiwa na usingizi ndiyo nasikia vizuri. Wewe lala."

Nikazima taa. Nikalala ubavu kama nilivyoagizwa, nikampa mgongo. Akaweka kiganja katikati ya mabega yangu, pale pumzi inapoinua mwili. Nikasinzia nikimwambia mkono wake ni mzito.

Asubuhi niliamka kabla yake. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, na kiganja chake bado kiko palepale mgongoni kwangu. Sikujisogeza mpaka jua likatoka.