Kifungo cha Gauni la Buluu

Kazini, kwenye ukaguzi wa mizani, walimwita Nusu Nywele, kwa sababu mizani ikipungua hata kwa nusu ya unywele aliirudisha mezani kwa fundi. Jina hilo alilipenda, japo alijifanya kununa. Sasa alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya baraza ya nyuma, nyumbani kwa wazazi wake, gitaa la baba yake limesimama juu yake kwa miguu minne kama meza, na jua la alasiri likipenya kati ya fito za chuma na kumchora mistari usoni.

Halikuwa gitaa la kupakata. Mpigaji aliketi mbele yake, akatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, huku mguu wake wa kushoto ukibonyeza makanyagio. Kanyagio lilivuta ufito, ufito ukavuta kidole cha chuma kilichoshika uzi, na sauti ikapanda taratibu, kama mtu anayeamka usingizini bila kuitwa. Nusu Nywele alilelewa na sauti hiyo. Utotoni aliamini kila nyumba ina muziki unaoyeyuka namna ile.

Kisha baba akaanguka ngazini, kifundo cha mguu kikagoma. Kanyagio la tatu, lile la noti ya juu ya wimbo wao, likawa halimtii tena. Gitaa likafunikwa shuka, na mama, ambaye ndiye aliyekuwa mwimbaji, akaacha kuimba hata jikoni. Nyumba ikapoa. Binti aliogopa ubaridi ule kuliko alivyoogopa ugonjwa, akachukua likizo ya wiki nzima. Goti la mzee lilikuwa zima. Basi ufito ule ungetolewa kwenye kanyagio na kufungwa kwenye wenzo wa kusukumwa kwa goti.

Siku hiyo wazazi walikuwa wamekwenda kliniki kunyoosha mguu. Alipochomoa ufito alikuta umevishwa kifungo cha nguo, cha buluu, kikiuzuia usivutike hadi mwisho.

"Mzee na ufundi wake wa kubahatisha!" akacheka, akakirusha kwenye kopo la skrubu kuukuu bila kuangalia kimeangukia wapi. Akafunga wenzo, akakaza nati, akasogeza kipima sauti chake mpaka taa ya kijani ikatulia. Noti ilikuwa sahihi kabisa, na alifurahi mno.

Jioni walilihamishia gitaa sebuleni. Baba alijaribu goti, akatabasamu, akaanza. Chumba kikajaa ile sauti ya zamani, mapazia yakawa kama yanapumua nayo, na mama akafumba macho na kuimba. Walipofika juu, gitaa likapanda na mama akabaki chini. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikwaruza. Wakarudia. Mara ya tatu mama alishika koo lake.

"Sauti yangu imekwisha," alisema. "Uzee umeingia bila hodi."

Akatoka bila kumtazama mtu. Baba akamvuta binti mkono.

"Kifungo kiko wapi?"

"Kile kwenye ufito? Nimekitoa, baba. Kilikuwa kinaipunguza noti."

"Ndiyo kazi yake! Mama yako hajawahi kuifikia noti ile, mwanangu. Huishia pale chini kidogo, na anaishia vizuri kuliko noti yenyewe. Ningemwambia nini? Nikaona gitaa ndilo limfuate yeye."

Nusu Nywele aliona haya. Sikio lake, la mtu anayelipwa mshahara kwa kutosamehe, lilikuwa limesikia pungufu hilo maisha yake yote na kuliita uzuri.

Alikimbilia barazani, akamwaga kopo. Skrubu tele, kifungo hakuna. Alikuwa amepiga magoti akipapasa chini ya benchi alipoona kandambili za mama. Mkono mmoja ulishika ufagio, mwingine kifungo.

"Unatafuta hiki?"

Binti aliinuka, akajipangusa magoti.

"Ni cha gauni langu la buluu. Nilimsingizia dobi wa watu, nikamnunia mpaka akahama mtaa." Mama alitazama mlango wa sebule. "Nimesikia yote. Baba yako hajui kunong'ona, hajawahi kujua." Alikuwa akicheka, na machozi yakimtoka. "Kirudishe mahali pake. Mwambie kilikuwa kwenye kopo. Mimi sijui kitu, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Walipoanza tena, gitaa lilipanda, mama akapanda, wakakutana pale pale walipokuwa wakikutana siku zote. Baba alimkonyeza binti yake, msiri wake. Mama alikuwa amefumba macho, mkono wake umetulia begani pa mumewe. Juu ya kabati kipima sauti kiliwasha taa nyekundu, kwamba noti imepungua. Nusu Nywele akanyoosha mkono, akakizima.