Nafasi ya Kujibu

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa tisa na robo alasiri, mvua nyepesi ikinyesha bila upepo na mawingu yakiwa yameshuka hadi usawa wa mnara wa redio, mtunza kanda mstaafu alipanda ngazi za kituo alichokitumikia tangu ujana wake. Alivaa koti na tai, na viatu vyake viling'aa kama vya mwanafunzi anayesubiri ukaguzi wa bweni. Hakuona kwa nini kustaafu kumpe mtu ruhusa ya kulegea.

Aliyemwita alikuwa fundi wa sauti, mwanamke kijana aliyepewa kazi ya kuhamishia kanda za zamani kwenye kompyuta. Kesho yake lori lingekuja kuzoa zote zitakazobaki, zikachomwe. Uongozi uliambiwa kwamba mashine ya kanda ina ukaidi, na kwamba hakuna mwingine anayeijua tabia yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, bibi kizee wetu anaringa nini leo?"

"Haringi. Nimeshamtengeneza." Fundi alimvutia kiti. "Nimekuita kwa ajili ya sauti ya baba. Kesho gari likiondoka, imekwenda."

Mzee alikaa taratibu. Hakuuliza ni baba yupi. Binti alikuwa na paji la uso lile lile, pana na lenye ubishi, la kijana aliyejiita Msumari.

"Kanda ya baba yako niliifuta," alisema. "Sikukuficha hilo hata siku moja."

"Hukunificha. Hata hivyo, sikiliza kitu."

Miaka hiyo kanda mpya zilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi, na kila mwisho wa mwezi mzee alikaa peke yake na kuamua sauti ipi iishi na ipi ifutwe ili utepe wake utumike tena. Aliamua kwa kanuni: kinachodumu kihifadhiwe, cha kupita kipishe. Vijana wa kituoni walimbandika jina la Kifutio. Alilijua, wala halikumnyima usingizi. Jina ambalo mtu analipata kwa kutimiza wajibu si tusi.

Msumari alikuja kurekodi akiwa hana ngoma wala gitaa. Aliketi mbele ya kipaza sauti, akagonga meza kwa vifundo vya vidole, ngo, ngo-ngo, akaanza kufoka mistari ya rap. Mtunza kanda alisimama nyuma ya kioo akasikiliza kila neno, kwa kuwa aliyekuwa akichanwa kwa mistari ile alikuwa yeye. Kijana alipomaliza hakuacha kugonga. Aliendelea, ngo, ngo-ngo, huku akimtazama kupitia kioo, mpaka mzee akazima mashine.

"Mbona umeniharibia?" Msumari alilalamika. "Pale nimekuachia nafasi. Sisi ndivyo tulivyo, mzee. Nikikuchana, sharti nikupe nafasi ya kujibu, la sivyo nimekuonea."

"Mimi nilifundishwa kujibizana kwa mashairi yenye vina na mizani, shuleni, tukiwa tumesimama wima. Sijibu mafua ya msimu. Mwakani mtakuwa mmeshahamia kelele nyingine."

"Na tusipohama?"

"Mtahama."

"Sawa, bwana mkubwa. Lakini tusipohama je?"

"Nikiota mvi na watu bado wanafoka, nitakujibu. Hapa hapa, kwa kinywa changu."

Walipeana mikono. Mwisho wa mwezi utepe ule ulifutwa, wakarekodiwa juu yake wanakwaya wa shule. Kabla ya mwaka kwisha homa ya ghafla ilimchukua Msumari, mkewe akiwa na mimba ya binti huyu. Haikubaki sauti yake popote, hata kikohozi.

Na muziki ule haukuhama. Mzee alingoja uhame kama mtu anavyongoja mgeni asiyealikwa aage, akaona mgeni anavua viatu. Tangazo la sabuni lilifoka. Mlinzi wa lango, rika lake kabisa, mwenye meno ya kuhesabika, alichana mistari huku akifungulia magari. Jumapili iliyopita mjukuu wa mzee mwenyewe alikariri jedwali la kuzidisha mbele yake kwa mtindo huo huo, bila kukosea, akamaliza kwa kukunja mikono kifuani. Kila asubuhi mzee alipochana nywele zake nyeupe kwenye kioo, aliepuka kujitazama machoni. Neno alilotoa lilikuwa pale pale. Shule iliyomlea ilimsamehe mtoto aliyeshindwa, lakini haikumsamehe aliyeahidi kisha akanyamaza.

Fundi aliifungua kanda ya kwaya na kuizungusha. Watoto waliimba kwa sauti nyembamba na safi. Kisha wakavuta pumzi kati ya ubeti na ubeti, na ndani ya pumzi ile, kwa mbali, kitu kiligonga: ngo, ngo-ngo.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Hakuna ajabu hapo," mzee alijibu, ingawa vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa meza. "Kichwa cha kufutia cha ile mashine kilikuwa kimeinama. Kilifuta ukingo mmoja wa utepe na kuuacha mwingine nusunusu. Nililalamika mpaka nikaonekana mnoko. Pandisha sauti."

Alipandisha. Kimya kilichofuata kilipofika, sauti ya kijana ilipenya, kavu na karibu:

*Mzee wa makabati, mtunza sauti za wafu,*
*wanipima kwa rula, waniona mchafu;*
*wasema nitapita kama mafua ya msimu,*
*mbona wanifungia kana kwamba mimi sumu?*

Fundi aliweka kiganja mdomoni. Hakulia. Alikaa tu hivyo, kama mtu anayezuia kitu kisimtoke.

"Ndiyo sauti yake," mzee alisema kwa upole ambao haukuwa kawaida yake. "Ubeti wa kwanza. Unaofuata unaanza na habari za kengele."

Kwaya ilifika mwisho na ubeti wa pili haukuja. Fundi, asijue la kufanya na mikono yake, alichukua kanda ya juu kabisa katika rundo la jirani, hotuba ya bwana shamba juu ya mbolea. Alikuwa na kazi ya kumaliza kabla ya lori. Bwana shamba alizungumza, akatulia kunywa maji, na katika utulivu ule:

*Futa jina, futa sauti, futa hata kivuli,*
*nitarudi kwa mlango usiotiwa kufuli;*
*nitakaa chini ya kwaya, nitalala chini ya kilimo,*
*kimya chenu ndicho kitanda, pumzi zenu ni kipimo.*

Mzee alisimama.

"Zima."

Alizima.

"Kanda hii ilikuwa mpya," mzee alisema. "Niliichana karatasi yake mimi mwenyewe. Baba yako hakuigusa. Na ubeti huu hakuuimba. Nilikuwa nyuma ya kile kioo, binti. Hapakuwa na kwaya katika maneno yake, wala kilimo. Angejuaje nitakachorekodi juu yake?"

"Labda umesahau, babu. Ni zamani."

"Naweza kusahau nilipoweka miwani. Kile sikusahau."

Fundi alimtazama, akainuka, akachanganya makasha ya kanda juu ya meza kama mtu anayechanganya karata. Alifumba macho. "Chagua wewe," alisema. Mzee aliweka mkono kwenye moja bila kutazama. Ilikuwa taarab ya harusini iliyorekodiwa nje ya kituo, miaka mingi baada ya msiba. Waimbaji waliitikia, vyombo vikapumzika, na pale pale, bila haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja mlango ufunguliwe:

*Vina unavijua, mizani waijua,*
*basi shuka uwanjani, kwenye jua na mvua;*
*yangu nimeyamaliza, meza nakuachia,*
*nagonga nikingoja, mzee, waweza kuingia.*

Ngo, ngo-ngo. Ngo, ngo-ngo.

Taarab haikurudi. Utepe ulifika mwisho wake, ncha ikachomoka na kuanza kuchapa hewani, na fundi akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Magurudumu yalisimama. Kwenye spika mdundo uliendelea, ngo, ngo-ngo, na kila mara ulikuwa wazi zaidi, hadi mtu angeweza kutofautisha mfupa na mbao. Mzee aligeuka. Nyuma ya kioo, katika chumba cha kurekodia ambamo taa hazikuwashwa, ilikuwapo meza ile ile ya zamani, na mbele yake hapakuwa na mtu.

"Nimechomoa waya," fundi alinong'ona. Aliinua plagi aione. "Babu, anataka nini?"

"Anadai."

"Anakudai nini?"

"Jibu. Nilimpa mkono kwamba nitamjibu, nikiota mvi na ninyi bado mnafoka." Aligusa kichwa chake. "Nilikuwa na hakika sitadaiwa. Nilidhani ninamtegea mtoto."

"Basi mjibu."

"Mimi? Nifoke?" Kiburi kilimpanda, kikamnyoosha mgongo. "Kwa umri huu, kwa tai hii? Mlinzi akinisikia nitapita wapi kesho?"

"Mlinzi atakurekebisha mdundo, basi." Fundi alikaribia kutabasamu, kisha uso wake ukarudi ulivyokuwa. "Sikulazimishi, babu. Nimemsikia baba yangu leo kwa mara ya kwanza, na sitaki hili liwe ndilo neno lake la mwisho, kugonga mlango asifunguliwe."

Mzee alifunga kifungo cha koti, akafungua mlango mzito, akaingia gizani.

Hakuketi. Alisimama mbele ya kipaza sauti, mikono ubavuni, kama walivyofundishwa. Humu ndani mdundo haukutoka kwenye spika. Ulitoka mezani. Aliweka kiganja juu ya ubao na kuhisi kila pigo likimpanda hadi kiwiko. Alingoja zamu yake ifike, kwa kuwa hata mdundo una adabu zake, kisha akaingia:

*Nilisema utaisha, kama vumbi la njiani,*
*vumbi limenivalisha, kanzu yake uzeeni;*
*mjukuu azidisha, hesabu kwa yako fani,*
*jibu nimelifikisha: umeshinda, sina deni.*

Ubao ulinyamaza chini ya kiganja chake. Ukimya uliobaki ulikuwa mtupu, wa chumba na mvua tu, na mzee aligundua kwamba hakuwa amesikia ukimya wa namna ile kwa miaka mingi, hata nyumbani kwake, hata usiku.

Alipotoka, fundi alikuwa ameshairudisha kanda ya kwaya kwenye mashine. Watoto waliimba, wakavuta pumzi, na ndani ya pumzi hapakuwa na kitu. Alijaribu ya bwana shamba, kisha taarab. Hapakuwa na kitu.

"Amekwenda," fundi alisema.

"Kompyuta uliizima?"

Hakuwa ameizima. Ilikuwa ikinasa tangu alasiri ilipoanza, kama kazi yake ilivyotaka. Walikaa bega kwa bega na kusikiliza tangu mwanzo. Hapakuwa na kwaya wala bwana shamba wala taarab. Palikuwa na Msumari peke yake, beti zake zote mfululizo, safi kama aliyerekodiwa asubuhi ile, na baada yake mdundo, na juu ya mdundo sauti ya mzee, ngumu, isiyozoea, lakini iliyokaa ndani yake bila kuteleza. Fundi alishika mkono wa mzee. Neno la deni lilipotamkwa walinyoosha mikono kuzima, maana yaliyofuata walidhani wanayajua.

Kabla hawajafika, ndani ya rekodi kiti kilisukumwa nyuma. Mtu alicheka kidogo, cheko la kijana, na akasema kitu ambacho alasiri ile hakuna aliyekisikia chumbani:

"Limefika, mzee wangu. Hatudaiani."