Pipa la Wageni

Tangu Papa Urbain azikwe, hakuna mtu wa mtaa wetu wa Kikula aliyekunywa kitu kilichotoka mkononi mwangu. Hata maji. Mimi niliyewapikia munkoyo wa ubatizo, wa ndoa na wa matanga miaka yote hii, munkoyo wa mahindi na mizizi ya Kapolowe ambao watu waliugombea kikombe kwa kikombe, leo nikipita na ndoo kichwani wamama wanavuta watoto wao ndani. Wengine wanasema nilitia dawa ya kuvuta wateja. Wengine wanasema nilimtoa Papa Urbain sadaka ili biashara yangu inenepe. Mulozi, yaani mchawi, huanza hivyo, wanasema, anaanza na mtu wa Mungu. Kinywa cha mtu hakina kifuniko, na vya Kikula ndivyo kabisa.

Yaliyotokea ni haya. Nilinunua pipa la plastiki, la bluu, kwa Clovis, yule anayeuza mapipa nyuma ya soko. Kwetu pipa halinunuliwi kwa macho. Unafungua kifuniko, unaingiza kichwa chote, unanusa, kwa maana pua ndiyo inayokuambia pipa lilibeba nini kabla halijafika kwako. Viwanda vya madini vinatupa mapipa kila siku, na kila mama wa hapa anajua kwamba mengine ni ya kukimbia. Nikaingiza kichwa. Nikasikia mawese, mawese matupu.

"Ile fût ilibebaka mafuta tu, mama," Clovis akaniambia, mkono kifuani. "Hata kwangu nyumbani, shiye benyewe tunakunwaka mayi mu fût ya namna moya na iyi."

Nikamwamini. Nikapika munkoyo wa sikukuu ya kwaya ya parokia, nikaulaza ndani ya pipa lile mpaka uchachuke vizuri. Papa Urbain alikuwa katekista wetu, ndiye aliyenifundisha sala nikiwa mdogo, kwa hiyo kikombe cha kwanza kilikuwa chake. Alipokwisha kukinywa, alianza kwa kuomba maji. Alikunywa, akaomba tena, akanywa, akaomba tena, kiu isitulie. Halafu likaja tumbo, halafu damu. Wengine walilazwa hospitali wakapona. Yeye tulimzika, na pale pale kwenye matanga vijana wakalichoma pipa langu kwa hasira. Moshi wake ulikata watu koo, wakakohoa mpaka jioni. Lakini moshi hauendi mahakamani kutoa ushahidi.

Baada ya mazishi nilirudi kwenye uwanja wa Clovis. Nikafungua pipa jingine, nikanusa: mawese. Nikakwangua kwa ukucha. Mafuta yakatoka kama rangi mpya juu ya ukuta mbovu, na chini yake plastiki ilikuwa na madoa ya njano, na harufu iliyopanda ilikuwa ya mayai yaliyooza. Alikuwa ameyapaka! Alichukua mapipa ya dawa za kusafishia madini, akayapaka mawese ndani, ili pua zetu ziseme uongo badala yake. Alinifukuza kwa matusi. Kesho yake uwanja ulikuwa mweupe, hakuna hata kifuniko.

Nikamshitaki. Sikudai hela, na sitaki mtu aseme nilidai hela. Nilitaka mahakama iseme mbele ya watu kwamba Marceline alidanganywa, Marceline hakuua.

Mtetezi wangu, Hénoc, ni kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko akili za wengi, na za kwake pia zinang'aa, siwezi kumnyima hilo. Alinieleza mapema. "Mama, kusema alikudanganya haitoshi. Lazima tuonyeshe kama alijua. Kama hakujua, yee pia alidanganywa, ni mucommerçant tu. Kama alijua, njo tunaita dol, kudanganya kwa kusudi. Na tukikosa, bantu bataendelea kusema ni weye."

Basi kila kitu kilisimama juu ya jambo moja: Clovis alijua, au hakujua? Na Clovis, kwa ulimi wake mtamu, akaliona jambo hilo kabla yetu. Siku ya kusikilizwa alisimama, akamgeukia jaji, mama mmoja mtulivu mwenye miwani.

"Madame la juge, muntu anaweza kupatia mutoto wake sumu? Mukuye kwangu. Mutaona bibi yangu na mutoto wangu, fût benye kutumia ni ya namna moya na ile ya uyu mama. Kama ni mubaya, nilijua namna gani?"

Jaji akafikiri, akakubali. Mahakama itateremka kwa Clovis, Alhamisi, ione kwa macho. Nilipotoka nje nilihesabu siku mpaka Alhamisi kwa hofu, nami sikujua kwa nini. Nilipaswa kufurahi.

Alhamisi mvua ilikuwa imenyesha usiku, na jua likatoka kali, ardhi ikatoa mvuke. Tulifika jaji, karani wake na karatasi, Hénoc na mimi. Mke wa Clovis, Danielle, alitupokea na viti. Mimi hakunisalimia. Alimsalimia kila mtu kwa mikono miwili, akanipita kama mtu anavyopita shimo. Sikumlaumu, mimi ndiye niliyekuja kuvunja nyumba yake.

Pipa lilikuwa kando ya jiko, la bluu, lile lile kabisa, limejaa maji mpaka juu, na bakuli linaelea. Nikalisogelea. Chini yake majani yalikuwa yamelazwa, lakini yalikuwa bado kijani, majani ya wiki hii. Nikainama, nikanusa ukingo. Mawese mabichi. Niambieni, pipa ambalo familia inateka maji kila siku linanukaje mawese ya juzi? Na nyuma ya mlango wa jiko niliona bidon za njano, madumu ya kuchotea maji, shingo zao zimelowa, zimepangwa vizuri, kama vyombo vya watu wanaovitumia kila siku.

"Madame la juge," nikasema, "muangalie majani. Iyi fût haiko ya siku mingi hapa."

Jaji akaangalia. "Mama, fût inahamishwaka. Inaweza kuwa ilikuwa fasi ingine."

Clovis akacheka kidogo. Alikuwa amevaa shati jeupe, mikono mifukoni, raha mustarehe. "Danielle, bageni beko na kiu. Uteke mayi."

Danielle akateka kwenye pipa kwa bakuli, akajaza vikombe, akavileta juu ya sinia. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Jaji akashukuru, akaonyesha chupa yake mwenyewe. Hénoc akasema amekwisha kunywa. Karani alipokea kikombe kwa adabu, akakiweka kwenye kigoda pembeni ili aandike. Mimi nikachukua changu, nikakipeleka kwa Clovis.

"Papa Clovis, weye mwenyewe unwa kwanza. Tuone."

Nilidhani atatetemeka. Nilidhani nimemkamata. Alinitazama machoni, akapokea kikombe, akanywa chote mpaka tone la mwisho, akakigeuza juu chini mbele ya jaji. "Juu ya nini nisinwe? Ni mayi ya kwangu." Akarudisha mikono mifukoni.

Karani akaandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza, na kila mkwaruzo ulikuwa unanizika. Mtu huyu alikuwa amenywa sumu yake kwa makusudi ili mimi niitwe muuaji mpaka nife! Nikaelewa pia hesabu yake: munkoyo ulilala ndani ya pipa ukachachuka, ukavuta kila kitu kilichojificha kwenye plastiki. Maji ya siku chache, kikombe kimoja, mwanaume mzima, labda tumbo litamsokota tu usiku. Alikuwa amepima. Muuza mapipa anajua mapipa.

Jaji akafunga faili. "Basi. Tumeona."

Hapo ndipo mtoto alipoingia. Elikia, binti wa Clovis na Danielle, mdogo, sare ya shule imelowa jasho, soksi moja imeshuka. Hakutazama mtu. Aliona kikombe cha karani pale kwenye kigoda, kimejaa, akakichukua kwa mikono miwili kama watoto wanavyofanya.

Nikamtazama Clovis. Sote tulikuwa tumesimama, jaji yuko pale, karani kalamu mkononi. Neno moja tu, "acha", lingetosha, na neno hilo moja lingekuwa kesi yangu yote. Alilijua hilo. Uso wake ulibadilika rangi, midomo ikafunguka. Mikono ikabaki mifukoni. Kikombe kikapanda.

Nilingojea. Mungu anisamehe, nilingojea pumzi moja, nikitaka baba huyo aseme. Halafu sikuweza. Niliruka, nikapiga mkono wa mtoto, kikombe kikaruka, maji yakammwagikia kifuani. Elikia akalia kwa nguvu.

"Mama Marceline! Unafanya nini?" jaji akapaza sauti.

Hénoc akanishika kiwiko, akaninong'oneza, "Mama, ungengojea kidogo tu. Angesema." Nikamchukia kwa neno lile, na nikajichukia kwa kuwa nilikuwa nimelifikiri kabla yake.

Clovis akapata sauti yake. "Munaona? Munaona muntu wa namna gani? Anapiga mutoto ya benyewe!"

Lakini Danielle hakuwa ananitazama mimi. Sinia lilikuwa bado mkononi mwake. Alikuwa anatazama mikono ya mume wake, ile mikono iliyokuwa bado mifukoni. Kisha akaweka sinia chini.

"Madame la juge," akasema, "muniandike na minye."

"Danielle, nyamaza," Clovis akasema.

"Iyi fût ilikuya dimanche, siku ya misa. Yee mwenyewe njo aliileta. Shiye tunakunwaka mu bidon, ziko pale nyuma ya mulango. Aliniambia: iyi ni ya bageni ba tribunal, Elikia asiiguse. Alisema mara mbili, asiiguse. Nilizani ni juu ya usafi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya msiba. "Alijua. Na leo aliona mutoto anakamata kikombe, akanyamaza."

Karani alimtazama jaji. Jaji akatikisa kichwa kwamba ndiyo, na kalamu ikaanza tena. Clovis alikaa kwenye kigoda. Alikuwa ameshika tumbo kwa mkono mmoja, kidogo tu, kama mtu aliyekula vibaya.

Nilikuwa nimeshinda. Nilijua hivyo, Hénoc alijua hivyo, tayari alikuwa anafuta viatu vyake kwa nyasi. Jina langu lilikuwa linarudi kwangu pale kwenye karatasi ya karani, na nilingoja furaha ije, haikuja.

Danielle alikuwa amepiga magoti, anamfuta mtoto kwa kitenge. Alimfuta kifua, akamfuta shingo. Alipofika kwenye midomo mkono wake ukasimama. Midomo ilikuwa imelowa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, lakini sikuweza kuapa kama ni maji yaliyomwagika au ni maji aliyokwisha kuyameza.

Kwa mara ya kwanza siku ile aliniinulia macho. "Mama Marceline, ku Papa Urbain, ilianzaka namna gani?"

Nilitaka kumdanganya. Nimechukia uongo maisha yangu yote, na saa ile ningetoa chochote ili niwe mwongo hodari kama mume wake. "Alisikia kiu," nikasema.

Elikia alikuwa ameacha kulia. Alimvuta mama yake kitenge.

"Mama," akasema, "unipatie mayi."