Bertalan Abisha Hodi Kila Mlango

Mwaka huu niliamua kwenda kula Pasaka Budapest kwa dada yangu Gizi, na sababu niliyompa kila mtu kijijini ni magoti yake. Nilisema magoti ya Gizi yanamtesa, hawezi kusimama jikoni kuchemsha nyama ya sikukuu peke yake. Uongo mtupu. Gizi ana miaka sitini na saba na hupanda ngazi za ghorofa nne mara tatu kwa siku huku akisengenya bila kukata pumzi. Sababu ya kweli ilikuwa Bertalan.

Bertalan ni mfuga nyuki wa kwetu, mgane, mtu mtaratibu mwenye masikio makubwa na suti moja nzuri. Kila Jumatatu ya Pasaka, tangu mkewe afariki miaka sita iliyopita, huja kunimwagia maji. Hilo si ajabu. Siku hiyo wanaume wote huzunguka wakiwamwagia wanawake maji au manukato ili wasije wakanyauka mwaka mzima, na sisi tunawapa yai lililopakwa rangi na tone la palinka, ile pombe kali ya plamu. Bertalan huanzia nyumba iliyo jirani na kanisa na kumalizia kwenye kinu, na hamruki hata bibi kizee wa miaka tisini. Mimi niko katikati. Ananisomea shairi lile lile, ananimwagia, anakunywa, anaaga, anaenda kwa jirani. Mimi nabaki nimelowa, moyo unanienda mbio kama wa msichana, na sijui kama nimependwa au nimehudumiwa tu.

Miaka sita! Nina miaka sitini na mitatu, nitangoja mpaka lini? Basi nikasema safari hii atanikosa njiani. Akinifuata Budapest, nitajua. Asiponifuata nitajua vilevile, na nitaacha kuchana nywele kwa ajili ya mtu asiyeziona. Kabla ya kuondoka nikapita kwa jirani yangu Rozi, kwa sababu kumwambia Rozi kitu ni sawa na kukibandika kwenye mlango wa duka.

"Nitakuwa kwa dada yangu, Gizella Vadas," nikamwambia, nikamtajia mtaa na namba ya jengo. "Kama kuna mtu ataniulizia."

"Mtu gani huyo?"

"Mtu yeyote, Rozi."

"Haya, mtu yeyote," akasema, akacheka mpaka akashika mlango asianguke. "Nitampelekea anwani mtu yeyote leo leo, kabla hajafunga mizinga."

Jumamosi na Jumapili nilikuwa kama mtu aliyelewa bila kunywa. Jumamosi jioni tulitembea kwenye maandamano ya Ufufuko nyuma ya bendi ya tarumbeta, mishumaa mkononi, na nikaimba kwa nguvu mpaka padre akageuka. Jumapili tulipanda tramu ya kando ya Danube mpaka mwisho wa njia, tukarudi, tukaenda tena, kwa sababu tu jua lilikuwa linawaka juu ya maji na mimi sikutaka kushuka. Tukaingia kwenye duka la keki tukala kama watoto walioachiwa kabati wazi. Gizi alinitazama nikilamba kijiko.

"Mdogo wangu," akasema, "magoti yangu yanakushukuru sana kwa kuja kuyauguza."

"Nyamaza ule."

"Atakuja?"

Nikasema sijui nani anayeongelewa, kisha nikaangusha kijiko chini ya meza.

Jumatatu niliamka kabla ya ndege. Kufika saa tatu mayai yalikuwa mezani, mkate wa kusuka umekatwa, nyama imepangwa, chupa ya palinka imefutwa vumbi, na mimi nimevaa gauni la buluu. Mwisho wa kumwagia ni saa sita mchana. Kengele ya kanisa ikianza kulia mwanaume ana nafasi mpaka inyamaze, na ikishanyamaza, aliyechelewa amechelewa mpaka mwaka kesho. Hilo hata watu wa jijini wanalijua, ingawa vijana wao siku hizi hulala mpaka jioni.

Jengo la Gizi ni la zamani, lina ua katikati, na kila ghorofa ina roshani inayozunguka yenye milango sita. Ukisimama kwake, ghorofa ya nne, unaona mlango wa kila mtu na nani anaingia wapi, ndiyo maana Gizi hajawahi kutaka kuhama. Saa nne na robo nikaona suti nzuri inaingia getini.

Nikamfinya Gizi mkono.

"Amekuja! Gizi, amekuja! Ametoka kule mpaka huku!"

"Nani?"

"Nitakusukuma chini."

Bertalan alisimama katikati ya ua, chupa ndogo ya manukato mkononi, akaangalia juu. Mimi nikaruka nyuma ndani ya jikoni. Mwanamke wa kwetu humsubiri mmwagaji ndani mwake, na akifika hujifanya ameshtuka. Nilishaanza kufanya mazoezi ya kushtuka. Tukangoja. Nikachungulia tena.

Alikuwa amebisha hodi mlango wa kwanza, chini kabisa. Mwanamke mmoja akafungua, wakasemezana, akainamisha kichwa, akapulizwa manukato, akatoa kikombe na yai. Bertalan akanywa. Akaenda mlango wa pili.

"Labda amekosea," nikasema.

Mlango wa tatu, wa nne. Kote anainama, anapuliza, anakunywa, yai linaingia mfukoni. Damu ikaanza kunichemka. Nilikuwa nimesafiri na sanduku, nimedanganya kijiji kizima kuhusu magoti ya mtu mzima, ili nijue kama mimi ni mwanamke kwake au ni kituo tu cha njiani. Na yeye amekuja mpaka jijini kuendeleza mzunguko wake ule ule, mlango kwa mlango, tena kwa wanawake asiowajua!

"Hakunifuata mimi," nikamwambia Gizi. "Amehamisha utaratibu wake, basi."

"Si umuite."

"Nimuite! Ili aseme nini? Kwamba nilikuwa na haraka?"

"Una haraka, Etelka. Umevaa viatu vya ndani na gauni la harusi za watu."

Ghorofa ya kwanza aliimaliza saa tano kasoro. Kwenye ya pili alikuwa ameanza kuimba. Kila mwanamke alimfurahia, bila shaka, wengi hawakuwa wamemwagiwa miaka kadhaa. Mmoja alimbusu shavuni, na mimi huku juu nikakata kipande cha nyama kinene kuliko kitabu cha sala. Kufika saa tano na nusu mifuko yake ilikuwa imetuna mayai, mengine ameyashika kifuani, na alikuwa anatembea kwa kufuata vyuma vya roshani. Gizi alikuwa amekaa kwenye kiti, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Umwagaji wake ni wa kizalendo," alisema. "Jiji zima halitanyauka."

Sikucheka. Nasema kweli, nilienda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi na kuanza kuyaondoa mayai mezani. Nilikuwa naweka la nne ndani ya bakuli niliposikia sauti ya Bi Lantos, wa ghorofa ya tatu upande wa pili, ambaye akinong'ona huamsha mtaa.

"Gizi! Weee Gizi! Hapo kwako kuna mtu anaitwa Etelka?"

Gizi akatoka kwenye roshani. "Yupo! Ni mdogo wangu! Kuna nini?"

"Kuna mzee wa watu hapa, tafadhali mchukueni! Ametoka kwao na treni ya alfajiri, na amebisha hodi kila mlango toka chini akimtafuta! Anasema yuko kwa Gizella Vadas. Nimemwambia hapa hakuna Vadas!"

"Vadas ni mimi!"

"Wewe si Bi Otto Halmos? Mlangoni kwako imeandikwa Bi Otto Halmos!"

"Otto ni marehemu! Kabla ya Otto nilikuwa Gizella Vadas!"

"Miaka thelathini tunakaa jengo moja hukuniambia!"

"Miaka thelathini hukuniuliza!"

Bakuli lilinitoka mkononi. Ni mimi niliyempa Rozi jina la kuzaliwa la dada yangu, jina ambalo hakuna mtu aliyelitumia tangu aolewe. Kwetu ukiolewa unaitwa jina la mumeo lote, la kwanza na la ukoo, na kibao cha mlangoni kinakusahau kabisa. Wala namba ya mlango sikuitaja. Mtu wangu alikuwa hazunguki, alikuwa ananitafuta. Na kila alipobisha, mwanamke alikuwa anatoa kichwa ili amwagiwe, na mstaarabu kama Bertalan angefanya nini? Amwambie hapana mama, si wewe? Siku ya Pasaka?

Milango ikafunguka jengo zima. Wanawake wote aliowamwagia wakatoka kwenye roshani, wote wananukia yungiyungi lile lile, wakainua shingo.

"Yuko ghorofa ya nne, baba!" wakampigia kelele. "Juu! Panda juu!"

Hapo kengele ya saa sita ikaanza kulia.

"Kimbia, mzee! Kimbia!"

Bertalan alikimbia. Alikimbia vizuri sana mpaka kwenye ngazi, akapanda tano au sita, kisha miguu ikakataa. Ile palinka ya milango zaidi ya ishirini ilimkalisha chini, mayai yakaanza kushuka ngazi moja baada ya nyingine, tok, tok, tok, na yeye akawa anayaomba samahani.

Nilitoka. Sikujifanya nimeshtuka wala nini. Nilishuka ngazi mbili mbili na viatu vya ndani, gauni nimelikusanya mkononi, na wanawake wakashangilia kama uwanja wa mpira. Nikasimama mbele yake, natweta.

"Etelka," akasema, uso wote umewaka kwa furaha. "Kumbe unakaa mbinguni."

"Mwaga, Bertalan! Kengele!"

Akainua chupa, akaibonyeza. Hewa tupu. Akaitikisa, akaichungulia kwa jicho moja. Manukato yote yalikuwa kwenye vichwa vya majirani. Bi Lantos, Mungu amzidishie miaka, akaja mbio na chupa kubwa ya maji ya soda, ile yenye kifyatuo, akamtia mkononi.

"Shairi kwanza!" mtu akapiga kelele kutoka chini.

"Shairi limepotea," Bertalan akasema. "Nilikuwa nalo mpaka ghorofa ya pili."

"Basi sema chochote, mwanaume, kengele itaisha!"

Lakini Bertalan hajawahi kuharakishwa na mtu. Alishika chuma cha ngazi, akajivuta mpaka akasimama, akajinyoosha koti.

"Jana baada ya misa nilipita kwako," akasema. "Mapazia yamefungwa. Jioni nikapita tena, kuangalia tu. Bado yamefungwa. Nikasimama pale mpaka mbwa wako aliyeachwa kwa Rozi akaja kunilalia miguuni. Sikukipenda kijiji, Etelka. Hakikuwa na mtu." Akaishika chupa vizuri. "Sitaki kukumwagia mara moja kwa mwaka. Nataka nikuone asubuhi. Kila asubuhi. Kama unaruhusu."

Hakuna aliyecheka. Hata Bi Lantos alinyamaza, na kwa sababu wote walinyamaza, tulisikia vizuri kabisa kengele ikipiga pigo la mwisho na kuacha.

"Loo," mwanamke mmoja akasema. "Imekwisha. Mpaka mwaka kesho."

Bertalan akaitazama ile chupa mkononi mwake, akaanza kuishusha taratibu, kwa adabu yake yote. Alikuwa tayari kabisa kungoja mwaka mwingine, mjinga wangu yule! Nikaudaka mkono wake. Nikaigeuza chupa inielekee usoni, nikaweka kidole changu juu ya kidole chake, nikabonyeza. Maji yakanipiga machoni, puani, shingoni, gauni la buluu lote.

"Etelka!" Gizi akapiga kelele kutoka juu. "Hairuhusiwi hiyo! Saa imepita!"

"Najua!" nikamjibu, nikabonyeza tena.