Marafiki Waliofungua Kipokezi

Mimi Vanajakshi sikuzaliwa jana. Miaka ishirini na sita nimetunza funguo za siri za setilaiti zetu hapa Bengaluru, zile zinazomwonyesha askari wetu mahali alipo hata adui akivuruga mawimbi. Halafu mtu aje aniambie kipokezi cha mawimbi hayo kimekufa chenyewe!

Nchi rafiki ilipewa vipokezi kumi kwa mkataba: tumieni, msifungue. Kifuniko kikifunguliwa, funguo za ndani zinajifuta. Siku ya tatu tu, Kanali wao akaleta kimoja mezani kwangu, akaomba kwa upole nikitie funguo upya. Eti kilizimika.

Nikakigeuza. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kwenye Ayudha Puja, siku ya kuheshimu vyombo vya kazi, na karani wetu Muniyappa hana mchezo na sikukuu hiyo. Alipaka kumkum, ule unga mwekundu wa ibada, kila kitu, mpaka pampu ya maji ya chooni. Kwenye vipokezi, kabla havijakabidhiwa, aliweka tone jekundu juu ya kila skrubu. Kwetu tone hilo halifutwi, huachwa lidondoke lenyewe. Hiki skrubu zake nne zilikuwa nyeupe.

Kanali akasema vijana wake wanapenda usafi. Usafi gani wa kusugua skrubu na kuacha vumbi kwenye kifuniko? Nilikasirika.

Mkurugenzi wetu, Raghottama, akanivuta koridoni. Akanikumbusha kwamba Jumatatu natangazwa mkuu wa kitengo, na kwamba Waziri anawahitaji hawa marafiki. Kisha akatoa lile neno la mji wetu, linalosemwa kwenye basi kiti cha watatu kinapotakiwa kukaliwa na wanne.

"Dada Vanaja, tubanane kidogo."

"Kwenye kiti nitabanana, bwana. Kwenye funguo sibanani na mtu."

"Utakikosa cheo."

"Nikikose. Mwanangu yuko mpakani kwenye theluji, anatembea kwa funguo hizi hizi. Nikiwaachia watu wazichokonoe, nitamtazama kwa uso gani?"

Nikarudi, nikamwambia Kanali alete vile tisa nivikague. Akasema hakuna haja. Haya basi. Nikakaa kwenye mashine yangu, nikafuta kwa njia ya setilaiti funguo za vile tisa vilivyobaki, yeye akitazama. Sheria ilinipa uwezo huo, na Mkurugenzi alilijua hilo.

"Hivi ndivyo mnavyowatendea marafiki?" Kanali akauliza.

"Rafiki hukaribishwa sebuleni. Wewe nimekukuta jikoni unafunua vyungu."

Jumatatu cheo akapewa Hemavathi, niliyemfundisha kazi kwa mkono wangu. Sitasema uongo, iliniuma. Saa nne asubuhi Mkurugenzi akampelekea kile kipokezi akitie funguo. Saa nne na nusu kikarudi kwa Mkurugenzi bila funguo, na barua ya Hemavathi ya kukataa ikiwa juu yake.