Mita Namba Tisa

"Waya! Umefunga waya kwenye fyuzi, halafu unanifuata mimi?"

"Nimfuate nani? Aliyenifundisha si wewe?"

"Nilikufundisha nyumbani! Kwenye redio ya mama yako! Nani alikutuma ulete mambo ya redio chuoni?"

"Hukuniambia nisilete."

"Shusha sauti."

"Mlango umefungwa, mjomba."

"Shusha hivyo hivyo."

Nikashusha. Tulikuwa stoo, nyuma ya maabara ya umeme ya mwaka wa kwanza, katikati ya betri kumi na mbili zinazochajiwa na harufu yake ile ya kukwaruza koo. Mjomba ndiye fundi mkuu wa maabara. Mimi ni msaidizi wake, kibarua, mwaka wa tatu sasa. Yeye ndiye aliyeniingiza, kwa sababu mama alimlilia kwamba nimeacha shule na nashinda nimelala. Cheti sina. Nina bisibisi mbili na mikono.

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi. Saa nne kamati ya nidhamu ilikuwa inakaa, na binti mmoja alikuwa hatarini kufukuzwa chuo kwa kosa nililofanya mimi.

Jambo lenyewe si kubwa. Wiki ya nne, wanafunzi wapya wanafundishwa kupima mkondo, yaani umeme kiasi gani unapita kwenye waya. Kupima volti ni rahisi: unagusa huku, unagusa huku, mita inasoma. Mkondo ni mwingine. Lazima ukate njia, uiingize mita katikati, umeme wote upite tumboni mwake. Ukisahau, ukagusa huku na huku kama ulivyozoea, betri inakuta njia nyeupe haina kizuizi, inajimwaga yote. Hapo fyuzi iliyo ndani ya mita inakatika, tik, mita inanyamaza, mwanafunzi anakodoa macho, basi. Hakuna aliyeumia.

Kila mwaka wanasahau. Makundi matatu kwa siku, meza kumi na mbili, na kila kundi lazima wawili watatu waue fyuzi. Daktari, mhadhiri wao, anachora ubaoni mpaka chaki inaisha, anauliza, "Tumeelewana?", wanaitikia kama kwaya, na dakika tano baadaye, tik, tik. Halafu wananiangalia mimi kana kwamba umeme niliubuni mimi.

Fyuzi mpya zinaombwa kwa fomu. Fomu inakwenda ofisi ya ugavi kulala. Muhula huu nilijaza tatu, na ya mwisho niliandika kwa herufi kubwa: FYUZI, JAMANI. Kimya. Na kila asubuhi mjomba anauliza, "Mita ziko kumi na mbili?" Hataki kusikia nane. Kwa hiyo nikafanya ninachokijua. Unachomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya, unauzungusha kwenye fyuzi iliyokufa kutoka kichwa mpaka mkia, unairudisha. Mita inafufuka. Nne nilizifufua hivyo. Nilikuwa nimechoka, nikajisemea nitazitoa fyuzi zikija.

Yule binti tulimwita Dada Kwanini. Kwanini mita ina matundu matatu, kwanini fyuzi ikatike yenyewe na si waya, kwanini betri ndogo na kubwa ziwe na volti sawa. Wenzake walimwona kero. Mimi hapana, maana maswali mengine aliniuliza mimi, na jibu langu aliliandika daftarini karibu na la Daktari, bila kulipunguza. Wiki iliyopita aliomba kuona ndani ya mita. Nikampa bisibisi yangu, akafungua moja, akaichora yote, mpaka skurubu.

Tatizo lake lilikuwa kugusa. Alishika nyaya za mita kama mtu aliyeambiwa ashike mkia wa nyoka. Jumatatu alisimama mbele ya betri dakika kumi nzima, wenzake wanasonya. Nikapita na kikapu changu cha nyaya, nikamwambia, "Dada, wewe kosea tu. Ukikosea fyuzi inakatika, nabadilisha, maisha yanaendelea." Akaandika kitu daftarini.

Akakosea. Kwenye mita namba tisa.

Namba tisa ilikuwa na uzi wa shaba.

Haikulia tik. Ilitoa moshi, na nyaya zake zikalainika kama mshumaa, plastiki ikamganda vidoleni hata akashindwa kuziachia. Alipiga kelele ambayo sitaki kuieleza. Daktari ndiye aliyeruka akang'oa waya kwenye betri. Walipomrudisha kutoka zahanati ya chuo, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa bandeji, mkono anaoandikia.

Daktari akaifungua mita, akaona uzi. Akakumbuka kumwona binti na bisibisi wiki iliyopita. Akajumlisha: huyu aliua fyuzi, akaogopa kukatwa alama, akaficha kwa waya, sasa umemrudi. Kuharibu kifaa na kuficha. Fomu ya mashtaka hayo haikulala popote, siku tatu ikafika kamati.

"Na wewe ulikuwa wapi Daktari alipoifungua?" mjomba akaniuliza.

"Nilikuwa namshikia tochi."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nilidhani watampa onyo tu."

Mjomba akaketi kwenye kreti, akajifuta uso na kile kitambaa chake cha kufutia betri. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamka amechoka tangu mwaka juzi.

"Basi endelea," akasema.

"Kuendelea na nini?"

"Kunyamaza. Sikiliza, mwanangu. Yule ana kichwa. Akifukuzwa hapa ataomba chuo kingine. Wewe ukifukuzwa hapa, unaomba wapi? Na mimi nimebakiza miezi minne nistaafu. Wataniuliza, fundi mkuu, mita zako huzikagui? Nitasema nini?"

"Utasema huzikagui."

"Una mdomo wewe!"

"Unaniuliza ziko ngapi. Hujawahi kuniuliza ndani zina nini."

Akanitazama, nikadhani atanizaba kibao. Hakunizaba. Akafuta betri ambayo ilikuwa safi.

Nikavuta kreti la mita, nikaketi sakafuni. Namba tatu, namba tano, namba kumi na mbili. Skurubu nne kila moja. Nikatoa zile fyuzi zilizovishwa shaba, nikazipanga kwenye kiganja. Zilionekana nzuri kabisa, hicho ndicho kilichoniudhi. Kazi safi.

"Kundi la kwanza linaingia saa tatu," mjomba akasema nyuma yangu. "Watapima na nini?"

"Na zilizobaki."

"Nane! Watu ishirini na nne, mita nane!"

"Nane, mjomba. Ziko nane. Hata jana zilikuwa nane."

Akaanza kuzihesabu mwenyewe. Nilipofika mlangoni akaniita, si kwa ukali, akaniita kwa lile jina la utotoni ambalo hata mama ameshaliacha. Sikugeuka, maana ningegeuka ningerudi kuketi.

Chumba cha kamati kiko ghorofa ya pili. Nje kuna benchi refu, na Dada Kwanini alikuwa amewahi, ameketi pale peke yake, daftari mapajani, mkono wenye bandeji ameuweka juu ya daftari kama kitu cha mtu mwingine. Akanisalimia. Alinisalimia vizuri kabisa, hajui chochote. Nikaitikia nikiangalia ukuta.

Daktari alikuwa mlangoni, amekuja kuacha makaratasi yake kabla ya kundi la saa tatu. Macho mekundu, mtu wa kusahihisha daftari mia na themanini.

"Daktari, nina neno."

"Kama ni mita hazitoshi, mwambie mjomba wako."

Nikafungua kiganja. Akatazama zile fyuzi tatu muda mrefu.

"Ya namba tisa ilikuwa kama hizi," nikasema. "Nilifunga mimi. Yeye hakugusa kitu."

"Kwanini?" akauliza, nikasikia benchi likilia nyuma yangu.

"Fyuzi haziji. Na mita zinatakiwa ziwe kumi na mbili."

"Fyuzi ni kitu gani?"

Nikadhani ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki, alikuwa anauliza kama anavyowauliza wao.

"Ni sehemu dhaifu unayoiweka makusudi," nikasema. "Ili jambo likiharibika, iharibike yenyewe kwanza."

"Nani aliyekwambia hivyo?"

"Wewe. Ubaoni. Nimekusikia mara kumi na tano kwa wiki, miaka mitatu."

Akacheka kidogo bila furaha. "Natafuta mwanafunzi mmoja wa kunijibu hivyo." Kisha kicheko kikamwisha. "Wao wakikosea, hawajui. Ndiyo maana niko pale. Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Na kufunga waya hivi ulifundishwa na nani?"

Saa ya ukutani ilisema saa tatu kasorobo. Chini, mjomba alikuwa anapanga mita nane juu ya meza kumi na mbili.

"Mtaani," nikasema.

Akanitazama. Sidhani aliniamini, lakini alikuwa amechoka kama mimi, na uwongo mdogo wakati mwingine unapita tu. Akazichukua fyuzi, akazitia kwenye bahasha, akaandika kitu juu.

"Yeye nitamwondolea mashtaka leo hii. Wewe funguo za maabara mwachie mjomba wako. Kesho usije."

Akaingia, akafunga mlango.

Nikageuka. Dada Kwanini alikuwa amesimama. Daftari lilikuwa limemwangukia na hakuliokota. Nikainama, nikaliokota mimi, likafunguka kwenye ule mchoro wa mita. Pembeni ya fyuzi alikuwa ameandika maneno yangu: kosea tu, hii inakatika, nabadilisha. Mwandiko wa kabla ya bandeji, umenyooka.

"Pole, dada," nikasema. "Nilitaka kusema siku ile ile."

Aliutazama ule mchoro. Nilikuwa tayari kwa ile kwanini yake. Njia nzima, tangu stoo, nilikuwa natengeneza jibu: fomu, mjomba, cheti sina, mama. Nilikuwa nayo yote mdomoni.

"Zilikuwa ngapi?" akauliza.

"Nini?"

"Zenye waya. Zilikuwa ngapi?"

"Nne. Pamoja na yako."

"Hizo tatu umezitoa lini?"

Maabara hufunguliwa kila siku. Makundi matatu Jumanne. Makundi matatu Jumatano. Alijua ratiba kuliko mimi.

"Leo asubuhi," nikasema.

Akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua daftari lake, akalibana kwapani taratibu ili lisiguse vidole. Akageuka, akaenda zake kwenye ngazi.